Miwani Inayosikia

Jumanne, 3 Machi 2026

Nimevaa miwani siku nzima na kichwa kinanigonga. Lakini siivui!

Wesonga, mchumba wangu, aliniletea asubuhi, juu gorofani ninaposhonea. Yeye hutengeneza simu chini, jengo hilohilo, karibu na barabara ya Luthuli, Nairobi mjini. Alinivalisha mwenyewe. Miwani nyeusi, nzito kidogo masikioni. Haitaki kuunganishwa na simu — ina laini yake ndani, ina chaji yake. Akafungua mdomo. Na pale hewani, chini ya kidevu chake, maandishi ya kijani: Virginia, unaona ninachosema?

Nililia. Tangu homa ya uti wa mgongo iniondolee masikio nikiwa na miaka ishirini na mbili, watu wananiandikia kwa karatasi, au wananipungia mikono usoni kama wanafukuza nzi. Leo mteja kutoka mtaa wa Karen alisema anataka gauni lishuke chini ya magoti, nikamjibu kabla hajaanza kunionyesha kwa vidole. Aliruka!

Wesonga ameniambia haihifadhi kitu. Maneno yakipita yamepita.

Nimejua pia nisiyotaka kujua. Muuza soksi wa kwa ngazi, yule anayenichekea kila siku, ananiita Zombi.

Halafu mwendo wa saa kumi mwizi wa simu akashikwa pale chini. Nimeona watu wakipigwa mjini mara nyingi. Huwa ni mikono na vumbi, basi. Leo kulikuwa na maneno. Piga! Kichwa! Leteni tairi achomwe! Mistari ikapandana, ikafukuzana, mpaka mtu mwenyewe sikumwona tena — maneno yalimfunika. Chini kabisa kukatokea mstari mmoja: Si mimi mama, si mimi, si… Jiwe lilimpata mdomoni. Polisi walimtupa nyuma ya gari kama gunia. Sijui kama alikuwa mzima.

Wesonga akasema maandishi yanaweza kuzimwa. Nikamwambia hapana.


Jumatano, 4 Machi

Siwezi kukaa. Siwezi kula. Wacha niandike.

Nilifika nyumbani Dagoretti mapema. Waithaka alikuwa sebuleni na Kiema. Waithaka ni kaka yangu, ndiye mkubwa, ana biashara ya nyama pale kichinjioni. Kiema ndiye mchinjaji wake. Kiema ni Mkamba, sisi Wakikuyu, kwa hivyo wao huongea Kiswahili. Waithaka alitazama miwani, akaniuliza kwa mikono: za kushonea? Nikaitikia kwa kichwa. Sijui kwa nini nilidanganya. Nilitaka kumshangaza baadaye, nafikiri.

Nikawapelekea chai. Na maneno yakaanza.

Waithaka: bado amekataa kuweka sahihi. Yule Mluhya wa simu ndiye amemwingia kichwani.

(Shamba la mama liko kwa majina yetu wawili. Yeye anataka kuliuza kwa watu wa kujenga gorofa. Mimi nimekataa, kaburi la mama liko pale. Wesonga hajawahi kunitajia hilo shamba hata siku moja!)

Kiema akasema mtu kama huyo anatishwa tu, anarudi kwao. Waithaka akasema hapana, huyo ni kichwa ngumu. Akasema — nilisoma hivi, neno kwa neno — Fundi wa simu bila mikono ni nani?

Nilikuwa nimeinama nikimimina maziwa. Sikumwaga hata tone.

Halafu ikaandikwa: Panga iko. Nikadhani wanapanga safari. Ikaandikwa tena: Panga nimenoa leo. Hapo nikaelewa ni panga gani.

Jumapili. Waithaka atamwalika Wesonga chakula cha mchana, ajitambulishe kwetu kama mkwe. Kiema atakuwa nyuma ya nyumba. Watasema walivamiwa. Kiema akauliza, na huyu dadako? Waithaka akanitazama. Akatabasamu, akaniinulia kidole gumba kwa ajili ya chai. Na chini ya tabasamu: Huyu hajui kitu, anasikia kama meza.

Huyu ndiye alinibeba mgongoni usiku ule wa homa, kutoka nyumbani mpaka barabarani. Mgongo uleule.


Alhamisi, 5 Machi

Nimemwambia Wesonga kila kitu. Akaweka bisibisi chini. Akasema labda ni mdomo tu, wanaume wakiwa na hasira huongea. Nikamwambia nimeishi na watu wa kichinjioni maisha yangu yote, nawajua wanaoongea tu na wanaonoa.

— Basi sitakuja, akasema.

— Apa.

— Virginia, sitakuja.

Lakini mwaliko umeshafika kwa simu yake. Karibu nyumbani mkwe, tumalize hii maneno kama familia. Na emoji ya mikono inayoomba Mungu.


Ijumaa, 6 Machi

Polisi. Heri ningebaki nikishona.

Askari wa kaunta ni mnene mmoja wa shavu lenye kovu. Nikamwambia kaka yangu anapanga kumkata mtu. Akaniuliza nimejuaje. Nikasema nimesikia. Akatazama mwenzake. Wananijua, mtaa mzima unanijua.

— Wewe si ndio ule dada kiziwi wa Waithaka? Umesikia na nini?

Nikamwonyesha miwani. Akaivaa yeye! Akacheka mpaka akashika tumbo. Akajisemesha, akajisoma, akajipiga kifua kwa fahari. Akamvalisha mwenzake. Wakaichezea kama watoto na kioo. Halafu akanirudishia na uso ukabadilika, akasema mashine si shahidi. Leo imeandika kaka yako ni muuaji, kesho itaandika afisa ni mwizi. Nenda nyumbani mkaongee.

Hakuandika chochote.

Nimemwandikia Wesonga tena: Usije. Amejibu: Sawa mama. Nimesikia.


Jumapili, 8 Machi

Damu imeingia chini ya kucha. Nimeosha na haitoki.

Alikuja! Alikuja, mjinga wangu, saa saba mchana, amevaa suti ya kijivu, na dada yake Peres nyuma yake amebeba sukari na leso mpya, kanga ya kunifunga kama mchumba. Nilikuwa jikoni nje, sufuria ya njahi, yale maharagwe yetu meusi, inachemka. Niliona suti langoni. Nikakimbia. Nikamwambia rudi, rudi! Akanishika mabega. Ikaandikwa: Nikijificha leo nitajificha mpaka lini? Mtu wa kuoa huja mchana, kwa lango la mbele.

Waithaka akatoka mikono wazi. Karibu, karibu sana, mkwe. Akamkumbatia. Na hakumwachilia.

Kiema alitoka upande wa tangi la maji. Sikusikia, lakini nani angesikia, alikuwa peku. Niliona panga. Nikapiga kelele, najua nilipiga kwa sababu koo bado linauma. Wesonga akageuka, akainua mkono wa kulia kujikinga uso.

Panga ikapita kiganjani.

Sitaki kuandika hili na lazima niliandike. Kidole kiliruka. Kilianguka juu ya mfuko wa sukari. Wesonga akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Na mbele ya haya yote maandishi ya kijani, safi, yamenyooka: Yesu. Yesu. Kata ingine. Wacha kaka yangu. Kata. Yesu. — sikujua nani anasema nini, ilikuwa midomo yote imefunguka.

Kiema akainua tena. Hapo ndipo nilipoleta sufuria. Sikumbuki kuishika, lakini viganja vyangu vimetoka malengelenge kwa hivyo niliishika. Nilimwagia njahi yote, ya moto, shingoni mpaka mgongoni. Alikunjika. Aliangusha panga akaanza kujirarua shati, na ngozi ikaja na shati. Ikaandikwa neno la Kikamba ambalo miwani ililiandika ovyo.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Waithaka akanipiga ngumi hapa, chini ya jicho. Nilianguka. Alipoinua mguu anikanyage, Peres alimrukia mgongoni, mwanamke mwembamba hivyo, akamuuma sikio akalishikilia kwa meno kama mbwa. Majirani ndio walitutenganisha. Kiema akatoroka kwa ukuta wa nyuma, mgongo mbichi.

Tulimfunga Wesonga na ile leso. Ilikuwa ya manjano. Pikipiki ilikataa kumbeba kwa sababu ya damu. Tukapata pick-up ya kubeba ngozi za ng'ombe, tukamlaza juu ya ngozi. Njiani alikuwa akisogeza midomo. Nikainama nisome.

Tukimaliza nitakushonea shati wewe, alisema. Tubadilishane kazi.


Jumatatu, 9 Machi

Hospitali. Vidole viwili vimekwenda. Cha tatu kipo lakini hakikunjiki. Daktari anasema mishipa. Anaongea na Peres, hanitazami, nasoma.

Wesonga amelala. Mkono umefungwa mkubwa kama kichwa cha mtoto.

Akiamka atatafuta bisibisi.


Jumanne, 10 Machi

Niko mtaa wa Kangemi, kwa Peres. Nipo hai. Nianzie wapi.

Asubuhi tulienda polisi kuandikisha taarifa. Waithaka alikuwa ameshafika! Sikio limefungwa bandeji, amevaa koti la kanisa. Amesema Wesonga alikuja na watu kumnyang'anya shamba, Kiema akamtetea mwajiri wake, na mimi nikachanganyikiwa. Nikasema si kweli, walipanga, nilijua tangu Jumatano. Na yule askari mwenye kovu — sijui alitaka kuchekesha, sijui alitaka kusaidia — akamgeukia kaka yangu:

— Huyu dadako alikuja hapa Ijumaa. Ati miwani yake inaandika kila kitu mnaongea kwa nyumba.

Nilimwona Waithaka akielewa. Haikuchukua muda. Macho yalitoka kwa askari yakaja kwa miwani yakatulia pale. Niliona akihesabu nyuma: chai ya Jumatano, chai ya Alhamisi, kila neno.

Walimwachilia. Ati uchunguzi unaendelea. Kiema hajapatikana.

Peres alisema tusirudi Dagoretti. Mimi nikasema nguo zangu, kitambulisho changu, dakika moja tu. Upumbavu wangu. Peres akabaki langoni, mimi nikaingia. Waithaka alikuwa nyuma ya mlango wa chumba changu.

Alinishika nywele. Akanigonga ukutani, mara ngapi sijui, mpaka nikaonja damu. Kioo cha kushoto kikapasuka. Hakuwa akipayuka — hilo ndilo liliniogopesha. Aliongea polepole, uso karibu na wangu, nisome vizuri. Miaka yote nimekulisha. Miaka yote. Na ulikuwa unanisikiliza?

Halafu akanivua miwani, akaivaa mwenyewe. Akasimama katikati ya chumba na miwani yangu usoni. Midomo yake ikasogea. Alikuwa akisema kitu na kujisoma, akisema na kujisoma. Sikujua anasema nini. Alianza kulia. Kwa muda mfupi nilidhani imekwisha, kaka yangu amerudi.

Akafungua droo akatoa zile karatasi za shamba. Akaweka kalamu juu yake. Akanishika shingo, akaniinamisha mezani.

Pasi yangu ya makaa ilikuwa hapo mezani, baridi, chuma kitupu. Nilimpiga nayo uso. Nilihisi pua yake ikivunjika mpaka kiwikoni kwangu. Nilimpiga tena alipokuwa ameshaanguka. Hilo la pili halikuhitajika na nalijua. Ningepiga la tatu, lakini miwani ilikuwa imeanguka karibu na mkono wake na niliitaka.

Niliiokota, nikamruka nikakimbia. Bila nguo. Bila kitambulisho. Peres aliponiona uso wangu hakuuliza.


Alhamisi, 12 Machi

Kioo cha kulia bado kinaandika. Cha kushoto kinaonyesha ufa tu.

Leo Wesonga ameketi kitandani. Nilimnyoa ndevu. Alitaka kujua mkono unafananaje chini ya bandeji na sikumwambia. Akasema ana mkono wa kushoto, watu wamezaliwa mashoto wakaishi. Halafu akageuza uso ukutani.

Waithaka anatuma ujumbe. Wa kwanza: Dada rudi tuongee kama watoto wa mama mmoja. Wa pili: Pua yangu imevunjika lakini nimekusamehe. Wa tatu, mchana: Kiema ameoza mgongo na anauliza unakaa wapi. Mimi sijamwambia. Bado.

Peres amepata wakili, Debra, wa kutoka kanisani kwao. Mwanamke wa maneno machache. Amesema aliyesoma mpango ni mimi peke yangu, bila mimi hakuna kesi. Jumatatu atatupeleka mjini kwa wakubwa wa polisi, si kwa yule wa kovu. Mpaka hapo nisitoke nje.

— Na usifungulie mtu, akasema. Mtu yeyote.

Nikauliza kama kuna kosa kumpiga mtu aliyeanguka. Akaacha kuandika. Akasema hilo tutaliongea.


Jumamosi, 14 Machi

Mvua. Najua kwa sababu dirisha linatiririka na miwani inajaribu kuandika sauti ya mvua juu ya mabati — herufi tupu, ss ss ss. Peres amepeleka uji hospitali. Chumba ni kimoja, kitanda, jiko la gesi, kinu cha kutwangia mahindi, picha ya harusi ya wazazi wao. Dirisha lina grili. Nimefunga komeo kutoka ndani.

Nimeshona vifungo vya suti ya kijivu. Nimeosha. Mkono wa kulia wa koti una tundu, nimetia kiraka kwa ndani, hakionekani.

Wesonga ameandika kwa kidole cha kushoto: nime kula. Mapengo na yote. Nimeisoma kama mara kumi.

Ngoja. Kuna mtu mlangoni.

Virginia fungua, ni mimi Peres.

Nilikuwa nimeshainuka. Mkono ulikuwa kwenye komeo. Halafu ukaja mstari mwingine, chini ya huo, kijani kilekile, ukubwa uleule.

Mwambie uko peke yako.

Na mwingine:

Niko peke yangu.

Nimerudi nyuma. Nimekaa kitandani naandika kwa sababu mikono haiwezi kukaa bure. Nimetuma ujumbe kwa wakili. Tiki moja tu, haujafika. Nimewatumia polisi wa mjini, kwa namba aliyonipa wakili. Tiki moja. Ni hii mvua, au ni mtandao, au ni mimi.

Virginia mvua inaninyeshea.

Ni Peres amesema hivyo, au amesemeshwa? Maandishi hayana sauti. Mtu anayelia na mtu anayecheka wanaandikwa sawa. Lazima ameshikiwa kisu, sijui kiko wapi. Shingoni? Mgongoni? Nikipiga kelele majirani watasikia nini kwa mvua hii? Nikinyamaza atajua nimejua.

Nimesema kwa nguvu: Nakuja, navaa nguo! Nimejiona nikiandikwa.

Haraka, umesikia.

Hilo si la Peres. Peres haongei hivyo na mimi.

Wakili, tiki moja.

Virginia usifungue! Usifungue! Ni Kiema, ana

Imekatika hapo. Mlango unatikisika, naona komeo likirukaruka, na hakuna neno. Nangoja mstari na hakuna mstari. Ss ss ss tu.

Peres, sema kitu. Neno moja.

Hakuna.

Mchi wa kinu ni mzito, ni wa mti mgumu. Naushika na mikono yote miwili baada ya kuandika hili. Peres hakuniacha chini ya mguu wa Waithaka. Nafungua.